Siku Moja Maishani Mwangu Hangzhou: Kujifunza Mstari wa Wu Changshuo

Saa 12 asubuhi. Kazi ya kwanza ya siku ni kusaga wino. Nilitoka Tanga kuja Hangzhou, mashariki mwa China, kujifunza uchoraji wa Kichina na kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika kwa brashi, kwa mwalimu mmoja mzee, na msanii ambaye mafunzo yangu yote yanamfuata ni Wu Changshuo, mchoraji, mwandishi wa kaligrafia na mchongaji wa mihuri, aliyezaliwa mwaka 1844 katika wilaya ya Anji, katika jimbo hili hili la Zhejiang, akafariki Shanghai mwaka 1927. Kipande cha wino ni masizi ya msonobari yaliyogandishwa kwa gundi ya wanyama. Ninakizungusha polepole juu ya jiwe lenye maji kidogo, bila kukandamiza, kwa sababu ukikandamiza wino hutoka na chembechembe na kukosa mng'ao. Wino wa chupa unauzwa kila mahali na wanafunzi wengi huutumia, lakini Mwalimu haukubali kwa mazoezi ya asubuhi, nami naona ana haki, maana mkono uliokwisha kusaga wino huishika brashi ukiwa umetulia.

Saa 1 asubuhi. Natandaza nakala ya maandishi ya Ngoma za Mawe. Hayo ni mawe kumi yenye umbo la ngoma, yaliyochongwa mashairi katika dola la Qin kabla dola hilo halijaiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, na leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri mjini Beijing. Wu Changshuo aliyanakili kwa miongo kadhaa, akaendelea hata alipokuwa mzee mwenye jina kubwa, na ndiyo sababu Mwalimu hataki kuona picha ya ua lolote mezani kwangu kabla ya adhuhuri.

Mstari wa maandishi haya, kwa mtazamo wa haraka, ni rahisi: unene wake haubadiliki, na miisho yake ni ya mviringo. Ili kuupata, ncha ya brashi inaanza kwa kurudi nyuma kidogo, kinyume cha upande unaokwenda, ijifiche ndani ya wino. Kisha mpini unasimama wima na ncha inasafiri katikati kabisa ya mstari, huku manyoya yakifunguka sawasawa kulia na kushoto. Brashi yangu ni ya manyoya ya mbuzi, ya kutoka Huzhou, mji ambao kwa karne nyingi umesifika kwa brashi, na ulaini wake hausamehi: kiwiko kikilala, ncha inakimbilia pembeni, na upande mmoja wa mstari unabaki safi ilhali mwingine unaparuza. Karatasi nayo haina siri. Karatasi ya xuan, inayotengenezwa katika jimbo la Anhui kwa magome ya mti na mabua ya mpunga, hunyonya wino papo hapo, kwa hiyo mahali uliposita panavimba doa, na mahali ulipokimbia panabaki weupe.

Saa 4. Mwalimu anapitia karatasi zangu akiwa na brashi ya wino mwekundu, na herufi iliyosimama vizuri anaizungushia duara. Leo maduara ni machache. Ananionyesha jambo ambalo nilikuwa nalitazama bila kuliona: kwenye jiwe, pande mbili za herufi zimekaa sawa, lakini Wu Changshuo aliuinua upande wa kulia na kuushusha wa kushoto, hivyo herufi yake ikapata mwendo ambao jiwe halina. Alinakili maisha yake yote, na bado mwandiko huo ni wake. Nikasema, "Mwalimu, basi nami niinue upande wa kulia?" Akajibu, "Wewe bado. Nakili jiwe kwanza."

Saa 6 mchana tunakula wali na mboga, kisha chai. Huu ndio wakati ambao Mwalimu hupenda kuzungumzia maisha ya Wu, na mimi husikiliza kwa makini, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba sanaa hii ilikuwa burudani ya matajiri wenye nafasi. Wu alikuwa kijana mdogo vita vya Taiping, uasi mkubwa dhidi ya serikali ya kifalme, vilipofika Anji mwaka 1860. Akaikimbia nyumba yao, akatangatanga kwa miaka akila alichookota, na vita na njaa vikamwondolea wengi wa familia yake. Mwaka 1865 alifaulu mtihani wa ngazi ya chini wa serikali ya kifalme, lakini cheo hakikumjia. Mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 55, aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Andong. Akakaa mwezi mmoja, akajiuzulu, kisha akajichongea muhuri wenye maneno "Mkuu wa Andong wa mwezi mmoja". Naupenda sana muhuri huo, kwa kuwa mtu aliyeacha cheo alikuchonga kuacha huko kwenye jiwe, akaugonga muhuri huo waziwazi juu ya kazi zake.

Saa 8 mchana. Natembea hadi Gushan, kisiwa kidogo katika Ziwa la Magharibi, yalipo makao ya Jumuiya ya Mihuri ya Xiling, chama cha wachongaji wa mihuri. Jumuiya hii ilianzishwa mwaka 1904, na mwaka 1913 Wu akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Juu ya kilima kuna kijumba cha mawe, na ndani yake limo jiwe la enzi ya Han lenye maandishi ya mwaka 52 baada ya Kristo. Mwaka 1921 lilikuwa karibu kuuzwa nje ya nchi. Wu na wenzake wakachanga fedha, wakachora na kuuza picha zao, na jiwe likakombolewa kwa sarafu za fedha 8,000. Kwangu mimi tendo hilo lina uzito sawa na picha yoyote aliyoiacha.

Saa 10 jioni ndipo ninaporuhusiwa kuchora. Wu mwenyewe aliingia katika uchoraji akiwa mtu mzima aliyepita miaka 30. Inasimuliwa kwamba mchoraji Ren Bonian wa Shanghai alimwambia achore kwa mistari ileile ya mwandiko wake wa mihuri, yaani mwandiko wa kale kama ule wa Ngoma za Mawe, na ushauri huo ukamfungulia mlango. Nachora mzabibu. Shina lake ni mstari wa Ngoma za Mawe uliopindwa: ncha imejificha, mpini umesimama, kiwiko kiko juu. Leo, kwa mara ya kwanza, tawi moja linakwenda kutoka kona hadi kona bila kulegea, na najua halikutoka kwenye zoezi lolote la kuchora mizabibu.

Saa 12 jioni, kuchonga mihuri. Jiwe ni la Qingtian, laini kiasi cha kukatwa kwa mkono. Wachongaji wengi hutafuta kisu chembamba chenye makali. Wu alitumia kisu kinene na butu, akausukuma mstari kwa nguvu za bega, kisha akaupigapiga ukingo wa muhuri, au hata kuusugua kwenye soli ya kiatu, mpaka ukafanana na chuma cha kale kilichofukuliwa. Mwalimu ananikataza kuiga mipasuko hiyo. Anasema kwamba anayevunja ukingo kabla mistari ya ndani haijashikana anaficha udhaifu tu, na maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari langu.

Saa 3 usiku naosha brashi kwa maji baridi na kuzitundika ncha zikitazama chini. Kesho Jumapili tutakwenda Chaoshan, nje ya mji, ambako Wu alizikwa katikati ya miplamu kama alivyotaka, na sasa miplamu hiyo imechanua. Mwalimu ameagiza tubebe karatasi, wino na kila mmoja brashi moja ya manyoya ya mbuzi, na kwamba kabla ya kuchora tawi lolote tutaanza kwa kuandika herufi kumi za Ngoma za Mawe papo hapo, tukiwa tumesimama.