Tembo wa Kampen

Sikwenda Uholanzi kutafuta tumbaku. Nimezaliwa Urambo, tumbaku nimeichuma, nimeifunga kwenye vijiti, nimeikohoa. Nilikwenda Zwolle kwenye mafunzo ya wiki 2 ambayo hayana la kusimulia, ila kahawa ya kikombe kidogo kama kidole gumba kwa bei ya kuku mzima. Jumamosi ya mwisho nikapanda treni ya dakika 10 hivi kwenda Kampen, basi tu, kutembea.

Treni haikufikishi mjini. Inakushusha ng'ambo ya mto IJssel, uvuke daraja kwa miguu. Katikati ya daraja upepo ukanivua kofia niliyoinunua jana yake, ikaelea kuelekea baharini na euro zangu. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nijikinge na baridi.

Lilikuwa duka la tumbaku. Kwenye rafu kulikuwa na visanduku vimeandikwa De Olifant, yaani Tembo, sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, za hapo hapo Kampen. Sigarilo yao, ile sigara ndogo ya aina hiyo, wanaiita Fantje, katembo. Nikacheka peke yangu. Kwetu kuna tembo wa porini na tembo la mnazi, sasa huyu wa tatu anatoa moshi.

Mwenye duka, mzee mrefu, akauliza nacheka nini. Nilipomwambia baba yangu ni mkulima wa tumbaku, kofia nikaisahau, naye akawasahau wateja. Mseto wa Kiholanzi, akasema, jani la nje hutoka Sumatra, la kufungia Java, visiwa vya Indonesia, kiini ni mchanganyiko wa Java, Brazili na Havana. Na sigara yenyewe huachwa kavu, haitunzwi kwenye sanduku la unyevu kama za Cuba. Akaninusisha: mbao, pilipili manga kwa mbali, udongo baada ya mvua. Haikunuka bani, banda letu la kukaushia tumbaku, hata kidogo. Jani lile hukaushwa kwa hewa, wiki baada ya wiki, kisha hurundikwa lijichemshe lenyewe, rundo likigeuzwa na kugeuzwa. Sisi tumbaku yetu ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto la bani, tunaimaliza kwa siku chache, kwa moto na magogo ya miombo, baba akikesha mlangoni na tochi kusoma kipimajoto.

Akanisimulia pia jinsi Mholanzi Jacob Nienhuys alivyofika Deli, Sumatra, mwaka 1863 na kuanzisha mashamba makubwa ya tumbaku ile. Vibarua wa Kichina na wa Kijava waliovunjika migongo mashambani hakuwagusia. Nami nilikuwa mgeni, nikanyamaza.

Nikanunua kisanduku kimoja. Bei ilinifanya nile mkate mkavu hadi uwanja wa ndege.

Niliporudi Urambo, baba hakuomba kiberiti. Aliketi kwenye kigoda, akalowesha kidole, akaifungua sigarilo ile taratibu kama anayefungua barua. Jani la nje akaliweka kwenye goti la kulia, jembamba hata nguo ikaonekana. La kufungia goti la kushoto. Kiini akakimwaga kiganjani, akakitenganisha rangi kwa rangi kama mteuzi anayepanga madaraja ya tumbaku sokoni. Akalinyanyua lile la nje juani.

"Huyu aliyechambua hili," akasema, "alikuwa na mikono."

Akatafuta tundu, hakuliona.

"Kilo wanamlipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia sikuuliza. Akalikunja jani, akalitia mfukoni, akaingia ndani.