Chunya na uhai mpya wa dhahabu ya Lupa

Watu wengi wanaposikia habari za dhahabu ya Tanzania hufikiria Geita na Kanda ya Ziwa, na hilo hunisikitisha kidogo, kwa sababu Chunya, kule Mbeya, ina historia ambayo haistahili kusahauliwa. Dhahabu iligunduliwa katika bonde la Mto Lupa, huko huko Chunya, mwaka 1922, lakini rashi yenyewe, yaani mbio za watu kuikimbilia, ilishika kasi miaka ya 1930. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya mazao ya mashambani huku bei ya dhahabu ikipanda, hasa baada ya Marekani kuipandisha mwaka 1934 kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Walowezi waliofilisika walikimbilia Lupa, na nyuma yao, au tuseme chini yao, wakaja maelfu ya vibarua wa Kiafrika, ambao ndio waliobeba uzito wa kazi.

Bei hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuidhoofisha Lupa. Ilibaki dola 35 kwa zaidi ya miaka thelathini huku gharama zikizidi kupanda, na hata mgodi wa Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika eneo hilo, ulisimama miaka ya 1950. Chunya ikageukia tumbaku, ingawa wachimbaji wadogo hawakuondoka kabisa.

Kwa maoni yangu, kufufuka kwa Chunya kumetokana zaidi na bei na sheria kuliko na ugunduzi mpya. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha yakafunguliwa masoko ya madini, likiwemo la Chunya, ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa hadharani. Mchimbaji aliyekuwa akimtegemea broka mmoja sasa anaijua bei ya siku. Barabara ya lami kutoka Mbeya nayo imesaidia sana.

Ufufuo huu unaonekana waziwazi kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kukamuliwa mara ya kwanza. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, unga wake hupitishwa na maji juu ya mwalo, yaani mfereji wa mteremko, uliotandikwa magunia. Kinachonasa huoshwa kwenye karai na kukamatwa kwa zebaki, na mchanga unaobaki hurundikwa kando. Mchanga huo bado una dhahabu nyembamba ambayo zebaki haikuifikia. Siku hizi hujazwa kwenye matenki na kumwagiwa sianidi, kemikali yenye sumu, dhahabu ikayeyuka ndani yake na kunaswa kwa kaboni, yaani mkaa maalumu, kiasi kwamba malundo yaliyoonekana takataka yamekuwa mali ya kugombewa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Sehemu kubwa ya Chunya ni kame kwa miezi mingi, na maji yanayoosha dhahabu hutoka kwenye mito na visima vilevile vinavyonywesha watu na mifugo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kulinda watu na mazingira dhidi ya zebaki, lakini mchimbaji anayechoma zebaki juu ya moto wa wazi ili dhahabu ibaki peke yake huvuta mvuke wake yeye na wote walio karibu naye. Vyombo vya kunasia mvuke huo vipo, na ningependa kuona sehemu ya mrabaha wa dhahabu ya Chunya ikivinunua na kuvifikisha mialoni, pamoja na mafunzo ya kuvitumia na upimaji wa maji wa mara kwa mara.