Biwi la Mboji na Ndege Wawili Wasioatamia

Nyuma ya nyumba yetu hapa Tabora, chini ya mwembe, mama yangu hurundika majani makavu, samadi na maganda ya ndizi, kisha huchomeka kijiti kirefu katikati ya biwi. Kila baada ya siku chache hukichomoa na kukishika: kikiwa cha moto na chenye unyevu, mboji inaiva; kikiwa baridi, hana budi kumwagia maji au kupindua. Juma lililopita alinipa nikishike mimi, nami nikakiachia upesi kwa jinsi kilivyokuwa kinachoma.

Kijiti hicho kilinirudisha kwa ndege wawili wa Australia ambao nimekuwa nikisoma habari zao kwa muda mrefu. Wote ni wa jamii ya megapodi, ambayo haipo Afrika, na wote hawaatamii mayai yao, bali huyafukia katika rundo na kuliacha joto la rundo liyaangue. Mara nyingi huelezwa kwa pamoja kana kwamba desturi zao ni moja. Kwa maoni yangu, mvua imewatenganisha mno.

Wa kwanza, Alectura lathami, ni mweusi, mwenye kichwa chekundu kisicho na manyoya, na makazi yake ni misitu yenye unyevu ya mashariki, ingawa siku hizi huingia hata katika bustani za watu mjini Brisbane na Sydney. Dume hukwangua majani na kuyarusha nyuma kwa miguu mpaka apate rundo lenye upana wa mita 4 hivi na kimo cha mita 1 au zaidi. Majani yakioza hutoa joto, kama katika biwi la mama, ila hapa huwa la wastani zaidi, nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi. Dume hupenyeza mdomo kupima, akaongeza majani au akayapunguza, na majike kadhaa huja kutaga kwake. Jambo lililonishangaza ni kwamba rundo likiwa na nyuzi 31 hutoka vifaranga madume wengi zaidi, na likifika nyuzi 36 majike huwazidi, kwa sababu, kulingana na joto, viinitete vya jinsia mojawapo hufa zaidi ya vile vya nyingine.

Wa pili, Leipoa ocellata, ndiye aliyeniteka moyo. Huyu anaishi kusini, katika nchi kavu ya mikaratusi mifupi, ambako majani hukauka kabla ya kuoza. Kwa hiyo huchimba shimo wakati wa baridi, hulijaza majani, husubiri mvua iyaloweshe, kisha hufunika kwa mchanga. Mwanzoni joto la kuoza huwa kali, naye hufukua ili lipungue. Kiangazi kikikolea, huongeza mchanga ili jua lisiyapike mayai. Jua likianza kupoa, hutandaza mchanga mchana upate moto, kisha huurudisha juu ya mayai. Katika miaka ya 1950 mtafiti Harry Frith aliweka vipasha joto vya umeme ndani ya rundo, na dume akajitahidi kulirejesha kwenye kiwango chake cha nyuzi 33 hivi. Kazi hiyo huweza kumchukua miezi 11 ya mwaka, na sioni ajabu kwamba yeye ana jike mmoja tu.

Mzigo wa jike nao si mdogo, kwani kila yai lina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Inaniuma kwamba ndege huyu yumo hatarini, baada ya vichaka vyake kufyekwa kwa ajili ya ngano na mbweha walioletwa kutoka Ulaya kuwala vifaranga.

Nilipomsimulia mama jinsi kifaranga anavyojifukua peke yake mchangani, pengine kwa saa nyingi, aliniuliza, "Na baba yake, mwanangu, hamsaidii?" Nikamjibu kwamba hata akiwa pale pale juu ya rundo, baba huendelea kukwangua mchanga wake, na mtoto hujikokota mwenyewe hadi kichakani.