Mkungu wa Minnesota

Hii Oktoba ni ya tano kwangu hapa Minnesota na ndo ya kwanza ambayo sijaikimbia. Naandika nikiwa ndani ya gari, paking ya kazini, nyumba ya kutunzia wazee, nimetoka shifti ya usiku saa moja kamili, hita inavuma, kamera iko siti ya pembeni nimeiviringisha kwenye kanga, nasubiri jua ambalo wiki hizi linatoka saa moja na nusu na kitu. Wenzangu wote wameshakimbilia kulala. Zamani na mimi ningekuwa nimeshajifunika blanketi na nisingelitoa mpaka saa kumi jioni, giza likiwa linakaribia tena. Kuna kipindi nilipitisha siku tisa mfululizo bila kuliona jua kwa macho yangu, nilihesabu.

Kwa wasioijua, Minnesota iko juu kabisa kaskazini, imepakana na Kanada. Pleti za magari zimeandikwa maziwa 10,000, lakini wenyewe wamehesabu wakapata 11,842, wakianzia yale ya ekari kumi kwenda juu. Sehemu nzuri. Ila mtu wa Tanga hakuandaliwa kwa haya mambo.

Kwenye kamusi utakuta haya majira yameitwa vuli. Vuli ipi jamani? Vuli ninayoijua mimi ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, watu wanapanda mahindi, vyura wanapiga kelele usiku kucha. Hapa wanaita fall, yani kuanguka, na naona wao jina wamelipatia maana kila kitu kinaanguka, majani, joto, mwanga, na mimi nikaanguka navyo. Afu Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, basi ghafla jua linazama saa kumi na moja kasoro, na Desemba linazama saa kumi na nusu jioni, muda ambao Tanga watoto ndo kwanza wanatoka kucheza mpira. Tofauti yetu na nyumbani inatoka masaa nane inakuwa tisa. Mama mpaka leo hajakubali. Anasema watu gani hao wanachezea saa.

Mwaka wa kwanza nilidhani nimerogwa, wallahi. Nalala masaa kumi na mbili naamka nimechoka, nakula wali sahani mbili na bado nataka kitu cha sukari, simu ikiita naitazama mpaka ikate. Siyo kwamba nilikuwa nalia, hapana, kulia kungekuwa nafuu. Ilikuwa tu kama mtu kapunguza sauti ya dunia. Mwaka wa pili ukaja na lake, Agosti bibi yangu akafariki. Meseji iliingia saa kumi alfajiri nikiwa nambadilishia mzee mmoja shuka, Tanga ilikuwa saa sita mchana, na kwetu maiti hailazwi, alizikwa alasiri ileile. Nilipotoka kazini huko ilikuwa saa tisa, nikakaa hapahapa kwenye gari, kaka akapiga video, nikaliona jeneza linatoka mlangoni kwenda msikitini, bando lake likaisha. Usiku wake nikaingia kazini kama kawaida maana kodi ya nyumba haijui msiba. Sasa ukija na hali hiyo mpaka Oktoba, mwanga nao unakukimbia, unategemea nini?

Nilienda hospitali, tena nawaambia wazi maana sisi tuna tabia ya kunywa tangawizi na kunyamaza. Kumbe hii kitu ina jina, unyonge unaokuja na majira na kuondoka na majira, na aliyeuandika na wenzake mwaka 1984 ni daktari anaitwa Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg. Bwana huyo alihamia New York, baridi ya kwanza ikampunguza nguvu akaanza kujiuliza kulikoni. Nilicheka sana niliposoma. Angalau mwenzetu mmoja alishapita njia hii. Nikapewa vitamini D, maana ngozi zetu nyeusi kwenye jua hili dhaifu hazitengenezi ya kutosha, na nikaambiwa ninunue ile taa ya mwanga mkali, lux 10,000, unakaa nayo karibu nusu saa kila asubuhi bila kuikodolea macho. Inasaidia. Na nitoe hili mapema kabla sijaanza habari za picha: kama mtu amefika pa kuwaza bora nisiamke kesho, hapo si pa kamera wala pa matembezi, hapa Marekani unapiga au unatuma meseji 988, saa yoyote.

Sasa picha zilivyoanza. Kwenye ile nyumba ya wazee kuna bibi mmoja wa kizungu, ana miaka tisini na kitu, dirisha lake linatazama ukuta. Asubuhi moja mwezi wa tisa nampelekea dawa ananiuliza, ule mti wa paking umefikia wapi? Mti gani? Nilikuwa nimepaki chini ya huo mti miaka miwili na sijawahi kuuona. Nikatoka nikaukuta, mepo mkubwa tu, jani lake ndo lile lililo kwenye bendera ya Kanada, na tawi moja la juu lilikuwa limeshaanza kuiva jekundu wakati mti mzima bado kijani. Nikapiga na simu nikamrudishia. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, nikajua sasa nashukuriwa. Akasema, umeukata kichwa.

Kesho yake nikaurudia. Akasema, leo umeupinda.

Basi nikawa kila nikitoka shifti napiga ule mti kwa hasira. Nimechoka, miguu imevimba, lakini nasimama kwenye ubaridi namtafutia bibi wa watu mti ulionyooka. Baada ya wiki mbili nikawa nazipitia picha kwenye simu, nikaziona zimejipanga, kijani, kijani yenye kutu, chungwa upande wa kusini, afu nyekundu yote. Ndo nikagundua kwamba hizo wiki mbili nimeonana na jua kila siku. Sikupanga, yani ni ule mti tu na makelele ya bibi.

Na kuna kitu kingine kilinigonga. Nyumbani kwetu Chumbageni uani palikuwa na mti wa mkungu. Wa pwani mnaujua, majani makubwa kama viganja vya mtu mzima, na kabla ya kuanguka yanageuka mekundu, jani moja moja, mpaka chini panakuwa kama pamemwagwa zulia. Kila alfajiri kabla ya shule niko na fagio la chelewa nayakusanya huku nayatukana kimoyomoyo, bibi yangu amekaa barazani ananikagua, pale bado, na pale, na kungu usizitupe niokotee. Miaka yote ile nilikuwa nayafagia haya haya ambayo watu wa huku wanachoma mafuta ya gari masaa manne kwenda kuyatazama. Siku hiyo paking nililia. Ndo kilio cha bibi yangu kilipotoka, mwaka na zaidi baadaye, chini ya mti wa watu.

Nikaanza kusoma kwa nini yanageuka. Jani linakuwa na klorofili, ile kijani inayotumia jua kupika chakula cha mti. Siku zikifupika mti unaacha kuitengeneza, kijani inaisha, na njano iliyokuwepo chini yake siku zote inaonekana. Nyekundu ni kesi nyingine, hiyo mti unaitengeneza wakati huo huo kwa sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha mepo zinawaka kuliko miaka mingine. Najua mnasubiri niseme na sisi binadamu tuna njano yetu imejificha ndani. Sisemi. Ni majani.

Mwaka uliofuata nikanunua kamera ya mtumba, Canon Rebel T3i, toleo la 2011, na lenzi moja tu ya 50mm. Wabeba boksi wenzangu walinicheka mpaka basi, umeacha overtaimu unaenda kupiga picha majani makavu? Haya. Lakini kamera ina kitu simu haina, haiingizi meseji. Ukishaweka jicho pale hakuna ada ya shule ya mtoto wa shangazi wala kikundi cha familia kinachogombana. Kuna jani, na mwanga ambao baada ya dakika tano haupo.

Nilichojifunza kwa kukosea: siku ya mawingu, ambayo ndo ilikuwa ikinimaliza kabisa kwa huzuni, ndo siku nzuri ya rangi, mwanga unakuwa laini hauunguzi kitu. Nilipolijua hilo nikaanza kuziangalia siku za kijivu kwa jicho la biashara. Siku ya jua usilipige jani usoni, zunguka ulipige jua likiwa nyuma yake, linawaka kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Na kuna kile kioo cha polaraizi unachokifunga mbele ya lenzi, kinakata ule mng'ao wa maji juu ya majani, rangi inatoka nzito. Baridi nayo inakula betri, kwa hiyo ya akiba naiweka kifuani ndani ya koti, kama mama mkubwa anavyoficha hela.

Ukiwa huna gari nenda Minnehaha, ni maporomoko ya maji yapo ndani ya mji wa Minneapolis, futi 53, kama mita 16 hivi, treni inashusha karibu, na kiingilio hakuna. Sikuwa na stendi ya miguu mitatu, nikakunja mtandio wangu nikauweka juu ya ukingo wa chuma, kamera juu yake, nikaacha lenzi wazi nusu sekunde, maji yakatoka kama hariri na majani ya njano yamekwama kwenye mawe yametulia tuli. Hiyo picha bibi wa chumba cha ukutani aliitazama akakosa la kusema. Afu akalipata, akasema ingekuwa kubwa zaidi.

Mwisho wa Septemba mwaka jana tulienda kaskazini, mimi na rafiki yangu wa Mwanza, kupita Duluth mpaka kilima kinaitwa Oberg. Hifadhi za jimbo za njiani unalipia gari kwa siku au kwa mwaka, mi nachukua ya mwaka, ni rahisi kuliko mambo mengi niliyowahi kujitibia. Pale Oberg unatembea njia inayozunguka kilele, chini kuna kiziwa kidogo kimezungukwa na mepo, nyekundu na chungwa mpaka macho yanauma, na upande wa pili unaliona Ziwa Superior lote la bluu halina mwisho. Nikafanya kosa la kumwambia mwenzangu kwamba hili ndo la kwanza duniani kwa eneo katika maziwa yasiyo na chumvi, kilomita za mraba 82,000, Victoria letu la pili na 68,800. Aligoma. Alisema ziwa gani huwezi kuogelea hata mwezi wa nane, hilo si ziwa ni friji. Tulibishana mpaka usiku, na nikagundua sijabishana na mtu hivyo kwa furaha tangu niondoke nyumbani.

Mengine si ya furaha. Mtaani kwa watu, mtu mweusi na kamera anasimamishwa. Mzee mmoja alitoka mpaka barabarani kuniuliza napiga picha nini, nikamwonesha ni mti wake, akanyamaza, mwisho akaomba nimtumie. Nilimtumia, lakini mikono ilitetemeka mpaka nafika kwenye gari. Siku hizi nakaa zaidi kwenye bustani za umma. Na ukienda porini Novemba vaa kizibao cha rangi ya chungwa kali, ule ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, usije ukafia picha.

Na unyonge haujahama, msinielewe vibaya. Jumanne iliyopita sikutoka kabisa, nililala na viatu. Ila Jumatano nilikumbuka kwamba upepo ulikuwa umetangazwa na ule mepo hautakuwa na kitu ifikapo Ijumaa, nikaamka. Mti hausubiri wewe upate nafuu. Jumamosi nafuata tamaraki, unafanana na msonobari lakini wenyewe unageuka dhahabu mwezi huu na kudondosha sindano zake zote, wakati miti mingine imeshabaki fito.

Juzi nilimtumia mama ile picha ninayoipenda kuliko zote, paking yetu asubuhi, ardhi yote nyekundu hauonekani hata mstari wa kupaki gari, ukungu kidogo, taa moja bado inawaka. Nilikaa kuihariri masaa mawili. Akaisikiliza, namaanisha akaitazama, afu akajibu kwa voisi. Sekunde nne tu.

"Mwanangu, hapo kwa nani? Hawana fagio?"