Nilivyolinda vitambulisho vya wanakikoba wetu kwenye WhatsApp, na ushauri nilioukataa

Mtu yeyote atakayekuambia kwamba WhatsApp imesimbwa, yaani ujumbe hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka na mtu wa katikati, na kwa hiyo huna haja ya kufanya lolote, mwombe akueleze nakala ya kitambulisho uliyomtumia jana iko wapi sasa hivi. Nimewauliza watu wengi swali hilo, wakiwamo wanaojiita wataalamu, na karibu wote walinieleza njia ambayo ujumbe hupita, si mahali unapobaki baada ya kufika. Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Morogoro, na kwa nafasi hiyo simu yangu hupokea vitu ambavyo mtu hamwonyeshi hata jirani yake: picha za vitambulisho vya taifa vya NIDA, fomu za mikopo zenye majina ya wadhamini, hati za mishahara, na mara nyingine cheti cha hospitali cha mwanachama anayeomba mkopo wa dharura. Kazi ya kuhakikisha vitu hivyo havizagai nimeifanya na nimeikamilisha, na ninaieleza hapa kwa sababu ushauri mbaya niliopewa wakati ule bado unaenezwa.

Nianze na lile lililo kweli katika ushauri wa kwamba usimbaji unatosha. Tangu Aprili 2016 ujumbe, picha na simu za WhatsApp husimbwa kutoka kwa anayetuma hadi kwa anayepokea, kwa itifaki, yaani kanuni za usimbaji, iliyobuniwa na waanzilishi wa Signal, programu nyingine ya ujumbe. Seva ya kampuni, yaani kompyuta yake inayopitisha ujumbe, hubeba kitu isichoweza kukisoma. Kama simu ya mpokeaji imezimwa, ujumbe husubiri huko ukiwa umesimbwa kwa muda usiozidi siku 30, na ukishafika huondolewa. Kwa hiyo wanachama waliokuwa wakiogopa kwamba kuna mtu Marekani anayesoma mazungumzo ya kikoba niliwatoa hofu bila kusita. Lakini picha moja ikitumwa kwenye kundi la watu zaidi ya ishirini huwa na nakala katika kila simu, na ndani ya kila simu hujinakili tena: huingia kwenye ghala la picha, kisha huingia kwenye nakala rudufu, ile tunayoiita bakapu, ambayo kwa simu za Android hupelekwa Google Drive usiku tukiwa tumelala. Bakapu hiyo, usipoiwekea ufunguo wako mwenyewe, haina ule usimbaji wa kutoka kwa anayetuma hadi kwa anayepokea, unaoitwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Anayeweza kuifungua akaunti ya Google ya mwanachama mmoja yuko karibu sana na vitambulisho vya kikoba kizima.

Ushauri wa pili ulitoka kwa fundi mmoja wa simu ambaye vijana wetu wanamwamini sana. Alisema kundi lote lihamie Telegram kwa kuwa ndiyo salama zaidi. Vijana walilichangamkia jambo hilo, kundi likafunguliwa siku hiyohiyo, na mweka hazina wetu, mama ambaye hapitishi shilingi bila kuuliza, akaniambia, "Katibu mwanangu, mimi nitahama ukinionyesha huko kuna nini ambacho huku hakipo." Nikamjibu kwamba sitapeleka hata fomu moja ya mwanachama kabla sijamletea jibu, na nikaenda kulitafuta.

Jaribio nililolifanya lilikuwa rahisi na ninalipendekeza kwa kila katibu. Niliweka kwenye kundi jipya fomu tupu za mikopo, nikaacha siku kadhaa zipite, kisha nikaingia kwenye akaunti yangu kupitia kompyuta ambayo haikuwahi kuwa na Telegram. Baada ya hapo niliizima kabisa simu yangu na kuiweka mezani, nikaanza kurudi nyuma kwenye mazungumzo kwa kompyuta ile. Kila fomu ilishuka, moja baada ya nyingine, ingawa simu iliyozipeleka ilikuwa haina uhai. Maana yake ni moja tu: zilikuwa zinatoka kwenye seva za kampuni, na kampuni ndiyo yenye uwezo wa kuzifungua. Telegram yenyewe hailifichi jambo hilo. Inaeleza wazi kwamba mazungumzo ya kawaida husimbwa kati yako na seva yake, na kwamba usimbaji wa mwisho hadi mwisho uko katika mazungumzo ya siri pekee, ambayo ni ya watu wawili na hayapo kwa makundi. Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa Ufaransa, kampuni ilibadilisha masharti na kusema kwamba inaweza kuzipa mamlaka namba za simu na anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa kifaa kwenye mtandao) za wanaovunja kanuni zake, pale panapokuwa na ombi halali la kisheria. Ni programu nzuri kwa matangazo na kwa makundi makubwa, lakini kwa vitambulisho vya watu ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, na kundi lile tukalifunga. Mweka hazina alipopata jibu lake hakuuliza tena.

Sasa nije kwenye bakapu, kazi ambayo naionea fahari kuliko zote. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuisimba bakapu kwa nywila au kwa ufunguo wenye alama 64, yaani tarakimu pamoja na herufi kuanzia a hadi f. Ukiupoteza ufunguo huo, kampuni haiwezi kukusaidia, na hilo ndilo lililowafanya watu wengi wanishauri niache. "Utakufa nao huo ufunguo," mwenyekiti aliniambia, na alikuwa na hoja ya haki, kwa sababu katibu anaweza kuugua au kuhama na kumbukumbu za kikoba zikapotea naye. Jibu lilikuwa mbele yetu siku zote. Sanduku la fedha la kikoba lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Niliuandika ufunguo wa bakapu kwenye karatasi tatu, alama 22 kwenye ya kwanza na 21 kwenye kila moja ya zilizobaki, na karatasi hizo wakapewa walewale watatu. Hata wawili wakishirikiana, zitabaki alama 21 au 22 za kubahatisha, na hakuna kompyuta ya kuzimaliza.

Kisha nikafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kuijaribu bakapu kabla ya kuihitaji. Tulichukua simu ya zamani iliyofutwa kila kitu, tukaingiza akaunti ileile ya Google na laini yangu, na tukawaita wenye karatasi. Ufunguo ukakataliwa. Tukausoma tena kwa sauti, alama moja moja, ukakataliwa tena, na mwenyekiti akaanza kunitazama kwa jicho la nilikwambia. Karatasi zile zilikuwa zimenakiliwa upya na mmoja wa washika funguo kwa mwandiko wake mzuri wa mlazo, na katika mwandiko huo herufi b ilikuwa inafanana kabisa na tarakimu 6. Tulibadilisha moja, tukajaribu nyingine, na hatimaye mazungumzo ya miaka yote yakaanza kushuka mbele ya macho yetu. Fikiria lingegundulika hilo siku simu imeibwa. Tangu siku ile karatasi zimechapwa kwa mashine, kwa gharama isiyofika bei ya soda, na bakapu ya zamani isiyo na ufunguo haipo tena Google Drive.

Ghala la picha halikunichukua muda. Nilizima mwonekano wa picha na video kwenye mipangilio ya mazungumzo, nikawazimia wenzangu mmoja mmoja kwenye mkutano, na tukahakikisha Google Photos haichukui folda ya WhatsApp. Anayefuta picha huko akumbuke pipa la taka, kwa kuwa picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60. Wale wanaosema ujumbe unaotoweka unatosha hawajalitazama ghala lao: ujumbe hutoweka kwenye mazungumzo, lakini picha iliyokwisha kuingia ghalani inabaki pale.

Lilibaki swali la kampuni yenyewe inajua nini. Badala ya kubishana niliomba ripoti, kupitia sehemu ya akaunti kwenye mipangilio, na baada ya takriban siku tatu ikawa tayari. Niliwaonyesha wanachama ya kwangu. Haikuwa na neno hata moja la mazungumzo yetu, ila ilikuwa na majina ya makundi niliyomo, namba za watu ninaowafahamu, aina ya simu na anwani ya IP. Niliwaeleza kwamba hiyo ndiyo mali inayotafutwa: nani anahusiana na nani, lini, na kwa kifaa gani. Facebook ilipokuwa ikiinunua WhatsApp mwaka 2014 iliiambia Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kwamba haina njia ya uhakika ya kuoanisha akaunti za pande mbili. Agosti 2016 masharti mapya yakairuhusu kufanya hivyo, na Mei 2017 Tume ya Ulaya ikaitoza faini ya yuro milioni 110 kwa kuipa taarifa zisizo sahihi. Naona ni muhimu mtu alijue hilo bila kuzidisha hofu wala kulipuuza.

Kamati ya mikopo, ambayo ina watu wachache, nimeihamishia Signal. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliitaka Signal itoe taarifa za mtumiaji, na kilichopatikana kilikuwa tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa, basi, kwa sababu hapakuwa na kingine kilichotunzwa. Sikuwalazimisha wanachama wote, maana mama mwenye genge asiyetaka programu ya pili ana haki yake. Tulichokubaliana ni kwamba kitambulisho hakitumwi tena kwenye kundi: mwanachama anakionyesha kwenye mkutano, namba inaandikwa kwenye daftari, na daftari linalala sandukuni. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na daftari linatimiza hilo kuliko ghala la picha la watu ishirini.

Wanachama wote sasa wameweka kwenye WhatsApp PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili, siri ya pili inayoombwa akaunti inapofunguliwa kwenye simu nyingine, kwa kuwa matapeli wa "nimekutumia namba kwa bahati mbaya, naomba unisomee" wanaendelea kupiga simu. Mwanzoni mwa kila mkutano wa mwezi kila mmoja hufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa asichokitambua. Mwanachama anayebadilisha laini hutoa taarifa, na namba ya zamani huondolewa kwenye kundi siku hiyohiyo, kwa sababu laini iliyoachwa huuzwa tena, na mnunuzi wake hapaswi kukuta kiti chake kimeshaandaliwa ndani ya kikoba chetu.