Mtumbwi wa fito za mwerezi: nilivyouunda nyumbani

Mtumbwi huu hauna taruma (mbavu za ndani) hata moja. Aliyezoea mashua za pwani atauliza ganda la mbao lenye unene wa milimita 6 linabebaje watu wawili na mizigo yao. Nguvu iko kwenye kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi (utomvu wa plastiki unaoganda ukawa mgumu) ndani na nje. Mbao iliyo katikati huzitenganisha tabaka hizo mbili zisipinde. Kwa hiyo umakini wangu mkubwa niliuweka kwenye epoksi.

Wangu una urefu wa mita 4.9. Kwanza huja kalibu: vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo la tumbo la mtumbwi, vikasimamishwa kila baada ya sentimita 30 juu ya boriti iliyonyooka, mtumbwi ukiundwa kifudifudi. Nilivuta uzi katikati kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) na kupima kila kalibu kwa timazi, kisha nikafunika kingo zake kwa selotepu ili gundi isishike. Kabla ya kupigilia chochote, laza fito moja juu ya kalibu zote na uikague kwa jicho moja. Kalibu iliyopanda milimita 3 tu itaacha kivimbe kisichofichika.

Fito nilizipasua kwa msumeno wa meza kutoka mwerezi mwekundu wa magharibi, mti mwepesi wa upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini. Zina upana wa milimita 19, na zilihitajika kama 65, pasua 70. Ukingo mmoja wa fito unachongwa kwa ruta (mashine ya kuchonga kingo) uwe wa mviringo, wa pili uwe na mfuo, ndipo ziingiane bila mwanya hata tumbo linapopinda. Mfuo utazame juu, upokee gundi. Vumbi la mwerezi huu lina asidi inayoweza kuleta pumu, basi vaa barakoa yenye kichujio.

Bandika fito ukipanda nazo pande zote mbili kwa zamu. Ukiumaliza upande mmoja kwanza, kalibu huvutwa na mtumbwi hupinda. Gundi inayochuruzika ikwangue ikiwa bado laini, kwa sababu ikikauka huwa ngumu kuliko mwerezi wenyewe: msasa utachimba mbao kando yake na kuliacha tone limesimama. Baada ya randa, nilipiga msasa namba 80 kisha 120 kwa ubao mrefu unaopinda kidogo, halafu nikafuta kwa kitambaa kibichi. Maji huinua palipobonyea na kuonyesha mabaka ya gundi ambayo jicho halikuyaona.

Sasa epoksi. Kitambaa ni cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Pasha karakana joto, zima hita, ndipo uanze kumimina. Mbao inapopoa, hewa iliyo ndani yake hunywea na kuvuta epoksi. Inapopata joto, hewa hutanuka na kutoka kama mapovu meupe yatakayoganda chini ya kitambaa. Usimimine jua likiwa linapanda. Changanya kidogo kidogo, mililita 200 hivi, na uimwage mapema juu ya mbao, maana ikirundikana koponi huchemka na kuganda. Usiongeze hadina (kigandishi kinachochanganywa na epoksi) ukidhani itakauka haraka. Inayozidi uwiano wa mtengenezaji hubaki bila kuungana na kuacha ganda laini. Sambaza kwa kikwaruo cha plastiki mpaka kitambaa kiwe angavu lakini kisielee. Tabaka mbili za epoksi za kujazia mfumo wa nyuzi za kitambaa zifuate kila iliyotangulia ikiwa bado inanata kidogo.

Ndani nilitia kitambaa hicho hicho kwa tabaka moja ya kujazia tu. Mfumo wa nyuzi ubaki ukihisika: miguu haitelezi, na uzito unapungua.

Kingo za juu ni za mbao ya mti wa ash, zilizofungwa kwa skrubu za chuma cha pua. Kabla ya vanishi, osha epoksi kwa maji na kisugulio ili kutoa utando wa nta unaojitokeza juu yake. Ukipiga msasa bila kuosha, utausukuma ndani ya mikwaruzo na vanishi itabanduka. Epoksi huharibiwa na jua, hivyo chagua vanishi yenye kinga ya miale, upake tabaka tatu au nne, na urudie kila inapofifia.