Kulala Jirani na Piramidi za Giza

Picha nyingi za piramidi za Giza hupigwa na mtu aliyeipa Kairo mgongo. Unaona mchanga, mbingu na ngamia mmoja, ukaamini majengo yale yamekaa peke yake katikati ya jangwa. Mimi nilitaka kuuona upande unaokatwa kwenye picha, yaani mitaa ya watu inayofika hadi kwenye uzio. Kwa hiyo sikutafuta hoteli ya kando ya Nile, ambako wageni wengi hufikia. Nilitafuta chumba Nazlet el-Samman, mtaa ulio mashariki ya piramidi, miguuni pa Sfinksi, sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu.

Kutoka uwanja wa ndege ni mwendo mrefu, maana uwanja uko kaskazini-mashariki mwa jiji na Giza iko ng'ambo ya magharibi ya mto. Teksi ilifuata barabara ya mzunguko, tukavuka Nile, tukaingia kwenye maghorofa ya matofali mekundu yasiyopigwa plasta, yamebanana hadi unaona nguo za jirani zikikauka karibu na dirisha la mwenzake. Ghafla, kwenye upenyo kati ya majengo mawili, pembe ya piramidi ilichungulia, ikapotea, ikatokea tena ikiwa kubwa zaidi. Dereva hakugeuza hata shingo. Kwake ilikuwa alama ya kujua wapi akate kona.

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya familia ya ghorofa chache, na juu ya paa wameweka meza za chakula. Mwenye nyumba ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Haji, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinikaribisha kwa chai yenye majani ya nanaa na sukari ya kutosha kabla hajagusa pasipoti yangu. Chumba kilikuwa cha kawaida: shuka safi, godoro gumu, maji ya moto yanayokuja kwa kujivuta. Niliongeza pesa kidogo nipate dirisha la magharibi, na katika fedha zote nilizotumia Misri, hizo ndizo zilizonipa faida kubwa.

Anayetafuta ukimya asilale pale. Adhana ya alfajiri hutoka misikiti kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitangulia mwenzake kidogo, kisha kwato za farasi huanza kugonga lami. Jioni kuna maonyesho ya sauti na taa mbele ya Sfinksi, na wageni wa paani huyatazama bila tiketi, ingawa sauti hufika ikiwa imechanganyika na pikipiki na harusi. Mimi nilipenda zogo lile. Lilinionyesha kwamba watu wanaishi pale, hawakuja kutazama tu.

Asubuhi paani ndiyo saa ninayoitamani hadi leo. Kwa kuwa mtaa uko mashariki, jua huchomoza nyuma yako na kuangukia mawe yaliyo mbele yako. Kilele cha piramidi ya mfalme Khafre hushika mwanga mapema, kisha mwanga unateremka tabaka kwa tabaka mpaka umfikie Sfinksi, mita 73 za jiwe moja la mlima lililochongwa pale pale lilipokuwa. Uso wake umeelekea mashariki, kwa hiyo anakutazama wewe unayekula ful (maharage ya kupikwa), taamiya (vitumbua vya maharage) na mkate wa moto. Kulia ni piramidi ya Khufu, kushoto kwa mbali ile ndogo ya Menkaure. Ya Khafre, ya katikati, inaonekana ndefu kupita zote kwa sababu imesimama juu ya mwinuko, lakini kubwa ni ya Khufu. Ilipokamilika, karibu mwaka 2560 KK, ilikuwa na kimo cha mita 146 na kidogo. Leo imebaki na kama mita 138. Ukiitazama vizuri Khafre utaona pale juu kipande cha ngozi ya zamani, mawe laini ya chokaa yaliyofunika jengo zima. Swali langu la kwanza kwa Haji lilikuwa, ngozi nyingine imekwenda wapi? Akanyoosha kidole mashariki, kuelekea jijini. "Iko mjini," akasema. "Nenda ukaione."

Kabla ya kwenda mjini niliingia ndani ya ile ya Khufu. Unapanda umeinama kwenye njia nyembamba, hewa nzito, kisha dari linafunguka ghafla kwenye ukumbi mrefu unaopanda, wenye kimo cha zaidi ya mita 8, mawe ya pande zote yakikaribiana kadiri yanavyokwenda juu. Mwisho ni chumba cha mfalme, kuta na dari vya graniti iliyosafirishwa kutoka Aswan, zaidi ya kilomita 800 kusini. Ndani yake mna jeneza la jiwe lisilo na kifuniko, tupu. Hakuna picha ukutani wala maandishi. Wengine hutoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Mimi nilitazama maungio ya mawe kwa muda mrefu, nikaona kazi. Mwenye matatizo ya magoti au ya kupumua asijilazimishe.

Nje kuna wenye ngamia na farasi. Wengi ni watu wa mtaa uleule niliolala, na ndilo tegemeo la familia zao. Ukitaka kupanda, patana bei mapema, tena bei ya kwenda na kurudi. Wapo farasi waliokonda nikaona uchungu, nikachagua kutembea kwa miguu.

Kutembea kule ndiko kulikonifikisha kusini mwa Sfinksi, panapoonekana ukuta mkubwa wa kale uitwao Ukuta wa Kunguru. Mwaka 1990 farasi alijikwaa juu ya tofali la udongo karibu na hapo, na tofali lile likawa sehemu ya kaburi. Wataalamu wakachimba wakakuta makaburi ya mafundi na wasimamizi wa ujenzi, na ng'ambo ya ukuta, mji wao: matanuri ya mikate, mabweni, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa. Mifupa ya watu wenyewe ina sehemu zilizovunjika zikaungwa vizuri, ishara kwamba walitibiwa. Nimekua nikisikia kwamba piramidi zilijengwa na watumwa kwa mijeledi, na nafurahi kwamba udongo umesema vingine. Walizikwa kwa heshima, karibu na kaburi la mfalme wao.

Mmoja wa watu wa kazi ile tunamjua hata kwa jina. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana maandishi ya mafunjo ya afisa aitwaye Merer, aliyeongoza kikosi cha watu wapatao 40. Aliandika shughuli zake siku kwa siku: kupakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, kushuka nayo mtoni na kwenye mifereji ya mafuriko, kuyapakua Giza, kurudi. Safari mbili au tatu kila siku kumi. Mawe aliyobeba ndiyo yale ya ngozi.

Basi nikaenda mjini kama nilivyoagizwa. Kairo ya Wafatimi, ukoo wa watawala wa Kiislamu, ilianzishwa mwaka 969, na piramidi tayari zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 3,000. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1303, mawe ya ngozi yalichukuliwa kwa wingi kujengea jiji. Nilisimama mbele ya msikiti wa Sultan Hassan, ulioanza kujengwa mwaka 1356, kuta zake zikipanda wima bila kuyumba, na watu husema mna mawe ya Giza humo. Tura, alikotoka Merer na mzigo wake, iko upande huu wa mto. Chokaa ile ilivuka Nile kwenda kumfunika Farao, ikavuka tena kurudi kujengea nyumba za ibada na za watu. Nilipomsimulia Haji jioni ile, aliridhika sana, akaongeza chai.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Jumba Kuu la Makumbusho, mwendo mfupi kwa gari kutoka mtaani. Wengi hukimbilia hazina za Farao Tutankhamun, na wana haki, lakini mimi nilielekea kwanza kwenye boti ya Khufu. Iligunduliwa mwaka 1954 ikiwa vipande vipande shimoni, ubavuni mwa piramidi yake, ikaungwa upya, na mwaka 2021 ikahamishiwa hapo. Ni mwerezi, urefu zaidi ya mita 43, na mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Ukienda, ipe saa yako nzima. Zunguka hadi ubavuni, inama, tazama matundu ya kamba kwenye mbao, halafu kumbuka kwamba watu wa Merer walifanya kazi mtoni katika zama za mfalme huyohuyo.